Mapishi ya Mayid

Kuna watu mtaani kwetu wanaosema mimi ndiye niliyeharibu, na wengine wanasema mimi ndiye niliyeokoa. Wote hao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, na nitasema kama ilivyokuwa.

Alhamisi baada ya asri tulikwenda kwa Butti bin Khalfan, mimi na jirani yangu Ghaya. Ghaya alikuwa na haja moja tu duniani: mwanawe Obaid asiuawe. Obaid alikuwa gerezani mwaka wa pili. Walikuwa vijana kambini mchangani, msimu wa baridi, nyama iko kwenye makaa, likazuka neno la kipuuzi kati yake na rafiki yake Mayid, na kisu cha kukatia nyama kilikuwa karibu mno na mkono. Mayid alikuwa na miaka ishirini. Obaid naye ishirini. Mahakama ilishamaliza kazi yake, kilichobaki ni neno la mrithi wa damu, na mrithi alikuwa mmoja tu, huyo Butti, kaka yake Mayid. Wazazi wao walishatangulia. Jumatatu Butti angesimama mbele ya hakimu aseme nasamehe au sisamehe, basi. Tulikuwa na siku nne.

Kwetu jambo kama hilo lina njia yake. Mwenye haja haombi kwa mdomo. Anaingia barazani, anamiminiwa kahawa, anaiweka chini, hainywi. Mwenye nyumba anaona, anauliza una nini, na akishauliza keshajifunga, maana mgeni akiondoka na kahawa yake haijanywewa, aibu inabaki kwa mwenye nyumba mpaka kwa wajukuu. Mwaka themanini na tatu wazee arobaini walikuja kwa baba yangu kwa ajili ya damu ya kaka yangu Suhail aliyeuawa, wakaweka vikombe arobaini chini, juu ya mkeka. Kahawa ikapoa. Baba akasimama, akasema, "Kunyweni, mmepata." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Ninayakumbuka majina ya wote arobaini, na nani alikuja na viatu vya kuazima.

Butti naye aliletewa wazee, mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili walikuta baraza limefungwa kwa kufuli. Akaacha kabisa kupokea watu nyumbani, akafungua mkahawa, na hiyo wiki ya mwisho akatuma ujumbe wa simu, maneno machache: "Sitaki wazee. Mama Obaid akitaka kuniona, aje kula kwangu."

Ghaya alinisomea ujumbe huo mara nne. "Amesema kula, Kaltham. Mtu hakulishi kama anataka kukuua mwana."

Kwenye gari akanitazama. "Nakuomba kitu kimoja. Leo usiseme."

"Nimesema nini?"

"Bado hujasema. Ndiyo maana nakuomba sasa. Na hicho kikapu?"

"Dele la kahawa na vikombe."

"Unakwenda mkahawani na dele?"

"Nakwenda kwa watu nisiojua wanakunywa nini."

Mkahawa wenyewe uko kando ya hori la bahari, ndani ya nyumba ya matumbawe ya mfanyabiashara wa lulu wa zamani. Nyumba ile niliiandikia manispaa barua tisa isivunjwe. Haikuvunjwa. Lau ningejua ninaiokolea nini. Ukutani wametundika wavu wa kuvulia na chini yake wameweka taa ya waridi. Tulikaa kwenye viti virefu, miguu yetu ikining'inia kama ya watoto, wanawake wawili wenye barakoa za kizee usoni na miaka mia moja na ishirini na tisa kati yetu.

Msichana wa Kifilipino akaleta sinia. Juu yake vijiko viwili, na juu ya kila kijiko tone moja kubwa la rangi ya zafarani, linatetemeka.

"Karibuni, mama. Kahawa."

"Iko wapi?" nikauliza.

"Hii hapa. Unaweka mdomoni, inapasuka yenyewe. Ina iliki, ina kila kitu."

Ghaya alikitazama kile kijiko kama mtu aliyepewa karatasi ya kuweka saini kwa lugha asiyoijua. Hakukigusa. Baada ya muda kidogo lile tone likapasuka peke yake, kahawa ikamwagika siniani. Msichana akafuta, akaomba radhi, akaleta jingine. Nalo likapasuka. Akaleta la tatu. Hapo nikaelewa: hii kahawa haikai. Huwezi kuiacha mbele yako ikapoa na mwenye nyumba akaiona. Ghaya alikuwa amekaa miaka miwili anasubiri kuweka kikombe kimoja chini, na kikombe hakipo.

Butti akatoka jikoni. Kijana wa miaka thelathini na mbili, aproni nyeusi juu ya kanzu, macho ya mtu asiyelala. Akasimama mbali kwa adabu, mkono kifuani.

"Mnaendeleaje, mama? Shangazi Kaltham, na wewe umekuja."

"Nimekuja."

"Nimesoma barua yako gazetini. Umesema napika uchafu."

"Nilisema taka. Uchafu walibadilisha wao."

Alitabasamu kidogo, nusu ya mdomo. Kisha akaanza kutuletea yeye mwenyewe, kwa mikono yake, bila kumtuma msichana. Bokoboko, ile inayopondwa asubuhi nzima mpaka mikono inakufa ganzi, ameigandisha, ameikata vipande kama sabuni ya kufulia, amevipaka unga wa mkate na kuvikaanga, na samli ameigeuza povu. Machbus ya nguru, wali wetu wa viungo, ameiviringisha ndani ya mwani mweusi kama wafanyavyo Wajapani. Mkate wa rigag, ule mwembamba kama karatasi, ameukunja kama wa Kimeksiko, ndani papa aliyechambuliwa na parachichi. Kila sahani nilikumbuka mwanamke aliyekuwa akiipika vizuri na siku aliyozikwa.

Ghaya hakula. Mikono mapajani.

"Mbona huli, mama?" Butti akauliza.

Ghaya aliitazama sahani.

"Hukipendi? Ni chakula chetu hikihiki."

"Kahawa kwanza, mwanangu," Ghaya akasema taratibu.

"Kahawa mmeletewa."

"Nimeletewa kijiko."

"Ndiyo kahawa ya hapa."

Nilimwona Ghaya anavyokitazama kijiko. Hakuwa na la kushika. Miaka miwili amejifunza kukaa, kunyamaza, kuweka kikombe chini, na sasa huyu anasimama mbele yake na vijiko. Na mimi damu ikanipanda. Nikafungua kikapu. Nikatoa dele, nikatoa kikombe, nikamimina kahawa ya nyumbani kwangu, nikakiweka mbele ya Ghaya, juu ya meza ya Butti.

"Haya," nikasema. "Sasa kipo kikombe. Kitazame."

Nilijua nimekosea kabla dele halijarudi kikapuni. Mgeni hamimini kahawa kwa mwenyeji. Anayefanya hivyo anamwambia mwenyeji: wewe huna nyumba, huna moto, huna watu. Hata mtoto wetu wa miaka sita hafanyi ujinga huo, na mimi niliyeandikia magazeti miaka thelathini kutetea adabu za wazee nimeufanya, na kichwa cha mtoto wa mwenzangu kiko mezani.

Butti alikitazama kile kikombe muda mrefu.

"Shangazi, umenimiminia kahawa kwangu."

"Hukutumiminia."

"Hata wale wazee hawakufika huko." Akavuta kiti, akakaa. Sauti yake haikupanda. "Mnadhani sijui? Kikombe nimekiondoa mimi. Nimekaa miezi minne na mizani ndogo na unga wa mwani natafuta kahawa ambayo mtu hawezi kuiweka chini. Siku ya tatu ya msiba, kaburi bado bichi, mtu mzima ananiwekea kikombe. Siku ya arobaini, vikombe kumi na tisa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza Mayid alikuwa mtu gani. Wote wananiuliza mimi nitakuwa mtu gani."

"Ndiyo desturi," nikasema. "Baba yangu—"

"Baba yako alisamehe. Nchi nzima inajua, wewe hujachoka kusimulia. Kisha?"

"Kisha nini?"

"Wale arobaini walipoondoka. Alifanya nini baba yako?"

Ninakumbuka alichofanya. Alivikusanya vile vikombe arobaini, akavitia guniani, akaenda kuvizika nyuma ya zizi la mbuzi. Na hakunywa kahawa tena nyumbani kwetu, miaka kumi na sita, mpaka anakufa. Hilo sijapata kuliandika popote. Na pale mezani pia sikulisema. Nilifunga kikapu tu.

Ghaya alikuwa akisikiliza, macho yake juu ya mdomo wa Butti. Akakisukuma kando kikombe changu, polepole, mpaka kikanifikia. Msichana alikuwa amesimama na kijiko cha nne. Ghaya akamwita kwa kidole, akakichukua kijiko, akanyanyua barakoa kidogo. Nikamshika mkono, nikachelewa. Akameza.

Nadhani mnaelewa alichokifanya. Mtu akinywa, hana haja tena. Alimfungua Butti kamba zote kwa funda moja. Haki yote aliyokuwa nayo juu ya mtu yule ilikuwa ni ile kahawa isiyonywewa, na imeshuka kooni.

"Nimekunywa, mwanangu," akasema. "Lete chakula."

Akala. Sijui alikula kwa nguvu gani. Alikula ile bokoboko ya kukaanga, akala ule mwani, anatafuna huku machozi yanaingia ndani ya barakoa na hayafuti. Butti alikaa akimtazama kama mtu aliyejiandaa kupigana na mwenzake ameketi chini. Mwisho zikaja kaimati. Ghaya akauma moja, jibini ikavutika kama uzi kutoka mdomoni mpaka kidoleni. Akaacha kutafuna.

"Hizi nani kakufundisha?"

"Mayid," Butti akasema. "Sahani zote hizi ni mambo yake. Tangu mdogo alikuwa anachanganya changanya. Kaimati za jibini aliniambia kazitunga mwenyewe."

"Alizitunga jikoni kwangu."

Butti akainua uso.

"Ramadhani, alikuwa na miaka kumi na tano. Alikuja na Obaid kutoka msikitini, wakaniambia mama, nenda katusubiri sebuleni, tutakuletea kitu. Akaniharibia karai zima la mafuta, jibini yote ikatoka. Nikamkimbiza na mwiko mpaka mlangoni. Kesho yake akarudi na ile jibini ya pembetatu ya watoto wa shule, ameigandisha kwanza. Ikakubali." Akaitazama kaimati. "Lakini yeye hakutia habasoda. Alitia ndimu kavu, ameisaga. Wewe hukutia."

"Hakuniambia ndimu kavu."

"Labda alisahau."

"Hakuniambia," Butti akarudia, na safari hii alisema kama mtoto. Akainuka akaenda jikoni. Tulisubiri. Msichana akaja peke yake akasema bosi anawashukuru, tumekaribishwa wakati wowote.

"Mfuate," nikamnong'oneza Ghaya. "Moyo umelainika, omba sasa, kwa mdomo, aibu nitaibeba mimi."

"Nyamaza, Kaltham."

Ndani ya gari sikunyamaza. Nilimwambia maneno ambayo nimetafuta namna ya kuyafuta, sijaipata. Nilimwambia, "Umemuua mwanao kwa kijiko."

Alitazama mbele. Tulipofika kwenye mzunguko akasema, "Punguza kiyoyozi, nasikia baridi."

Ijumaa, Jumamosi, Jumapili hakuzungumza na mtu. Nilikuwa nikimsikia kupitia ukuta wa ua anafua. Alifua nguo zote za Obaid, akapiga pasi kanzu saba, akazikunja. Nilimuuliza dada yake, anaziandaa za nini? Akasema hata yeye Ghaya hajui, kama ni za kuvaa au za kugawa.

Jumatatu asubuhi tulikaa nyuma. Obaid aliingizwa pamoja na wafungwa wenzake, amekonda, amefuga ndevu. Hakugeuka. Butti alisimama akiwa na kanzu nyeupe tu, bila aproni alionekana mdogo.

Hakimu akamuuliza, "Unasamehe?"

"Hapana."

Ghaya alinishika paja, kucha zikaingia.

"Unataka hukumu itekelezwe?"

"Hapana."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Mwanangu, hakuna jibu la tatu."

"Najua."

"Basi?"

"Basi nipe siku."

Hakimu alitazama faili, akamtazama yeye, akatazama faili tena. Akasema baada ya Idi Kubwa, na siku hiyo atataka neno moja. Miezi mitatu. Ghaya alitoa pumzi ambayo nadhani aliishika tangu Alhamisi.

Kwenye ngazi Butti alitupita, akashuka vidato viwili, akarudi.

"Mama Obaid. Kulikuwa na vingine?"

"Vingine vipi?"

"Alivyopika kwako."

"Vingi," Ghaya akasema.

Alijibu haraka mno. Mimi nakaa naye ukuta kwa ukuta miaka thelathini na nane, jikoni kwake najua hata sufuria ipi haina mpini. Nilijua si vingi.

"Njoo Alhamisi, basi," Butti akasema. "Uje peke yako." Akanitazama mimi aliposema hivyo, na sikuwa na haki ya kuudhika.

Kwa hiyo anakwenda kila Alhamisi. Anaingia jikoni kwa Butti, anavaa aproni juu ya abaya, anaonyesha. Wiki ya kwanza kaimati za ndimu kavu. Wiki ya pili tambi za sukari na mayai, zile za asubuhi ya Idi, Mayid alizikunja ndani ya mkate pamoja na achari ya embe kwa sababu alichelewa shule. Wiki ya tatu bokoboko iliyonyunyiziwa chipsi za pilipili zilizopondwa, na Butti alicheka, akasema ndiyo, hilo ni lake kabisa, akageukia ukutani. Hawazungumzi habari za Obaid. Ghaya hajalitaja jina lake humo ndani hata mara moja. Wiki ya nne mchuzi wa mahyawa, ule wa dagaa waliovunda juani, juu ya mkate wenye jibini. Na hapo vikaisha. Vilikuwa vinne tu.

Wiki ya tano alitunga. Samaki wa ndimu kavu ndani ya maandazi, na maziwa ya nazi. Aliniambia kilikuwa kitamu. Butti alionja, akaweka uma chini.

"Hii, mama, ni ya mtu mzima," akasema. Akaosha mikono, akamsindikiza mpaka mlangoni kama kawaida.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Ghaya alisimama mlangoni kwangu. Tangu siku ile ya gari hakuwa amekanyaga kwangu.

"Kaltham, nipe chakula."

"Una njaa?"

"Nipe chakula cha Mayid."

Nilimwambia sina. Nilimwambia mtoto yule alikuja kwangu mara mbili maisha yake yote, na mara zote mbili nilimfukuza kwa sababu ya mpira. Nilimwambia huu ni uongo, na uongo juu ya maiti, na siku Butti atakapojua atasema lile neno moja bila kungoja Idi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Zimebaki Alhamisi nane. Mimi kichwa changu kimekauka. Wewe unakumbuka kila kitu, unakumbuka vijana wanavyokula, umewatukana wote gazetini. Walikuwa wanakula nini?"

Nilikumbuka. Kila kitu nilichokiita taka nilikikumbuka, mwaka na mahali. Kwa hiyo sasa asubuhi zangu ni hizi: mimi Kaltham binti Saeed, nasimama jikoni na pakiti ya biskuti za kitoto, kopo la maziwa mazito, chipsi, bizari ya mama yangu ambayo sikuwahi kumpa hata binti yangu, na ninavichanganya. Ghaya anakaa kwenye stuli, anaonja.

"Hii?"

"Imepangika sana. Mtoto hapangi."

"Angetia nini hapa?"

"Kitu cha kijinga."

"Kama nini?"

"Kaltham, ningejua ningekuja kwako?"

Jana tulijaribu machbus, nikaibana ndani ya mkate wa maziwa, nikamwagia asali ya tende na pilipili ya chupa. Mwenyewe nilipoonja nilishtuka, kilikuwa kitamu, na nilichukia kwamba ni kitamu. Ghaya alitafuna, akafumba macho. Nililitazama koo lake kama wale wazee walivyomtazama baba yangu.

Akatikisa kichwa. "Huyu ni wewe. Atakujua."

Kesho ni Alhamisi. Nimekimwaga, nimeosha sufuria, nimewasha moto tena.